Je, Wajua? Kengele na Adhana Chini ya Paa Moja

Je, wajua kwamba mihrabu ya Ayasofya mjini Istanbul imekaa kombo? Ukisimama katikati ya ukumbi na kutazama mbele, madirisha, nguzo na nusu kuba iliyokuwa juu ya madhabahu vyote vimenyooka mstari mmoja, ila mihrabu imesogea kuume. Fundi hakukosea. Wakristo waliolijenga jengo hilo, wakaliita Hagia Sophia, walilielekeza upande wa macheo, na Makka, kutoka Istanbul, iko kusini zaidi. Waislamu walipolichukua hawakuwa na namna ya kuligeuza jengo, wakaigeuza mihrabu, na safu za wanaosali zinaukata ukumbi mshazari hadi leo. Ukitaka kujua nyumba ya ibada ilizaliwa katika dini gani, usianze kwa kumuuliza mtembeza watalii, ana lake la kusema. Tazama kibla, kisha tazama kuta.

Safari hii safu yetu inapita kwenye majengo ya aina hiyo: makanisa yaliyokuwa misikiti, misikiti iliyokuwa makanisa, na mengine yaliyokwenda yakarudi. Ni mada inayochemsha damu, kwa kuwa kila upande una jengo lake la kulililia na una lake la kulinyamazia. Tutayataja yote.

Je, wajua kwamba Hagia Sophia ilijengwa kwa muda usiotimia miaka sita? Mfalme Justinian alianza Februari 532, wiki chache tu baada ya ghasia za Nika kuliteketeza kanisa la awali, na tarehe 27 Desemba 537 likafunguliwa. Kazi aliwapa Anthemius wa Tralles na Isidore wa Miletus, mabingwa wa hesabu na jometri. Kuba yake ina upana wa mita 31 hivi, na kilele chake kiko mita 55 juu ya sakafu. Haraka nayo ilidai chake: mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi, kuba ikaanguka. Iliyopo sasa, ambayo imeinuliwa zaidi ili uzito ushuke vizuri kwenye nguzo, ilikamilika mwaka 562 chini ya mpwa wa Isidore, naye pia akiitwa Isidore.

Je, wajua kwamba waliolipora jengo hilo mwanzo hawakuwa Waislamu? Mwaka 1204 askari wa Vita vya Msalaba kutoka Ulaya Magharibi, waliosema wanakwenda kuikomboa Yerusalemu, waligeukia mji wa Wakristo wenzao wakausafisha. Hagia Sophia ikawa kanisa kuu la Kikatoliki kwa miaka 57, hadi Wabizanti walipourudisha mji wao mwaka 1261. Enrico Dandolo, mtawala wa Venice aliyekuwa mzee na kipofu, ndiye aliyewaongoza askari wale wa 1204. Alikufa mwaka 1205 akazikwa humo humo, na kwenye roshani ya juu kuna bamba lenye jina lake. Wagiriki wengi wa Othodoksi hulipita kwa kununa hata sasa.

Tarehe 29 Mei 1453 Sultan Mehmed wa Pili aliuteka mji, na kanisa likawa msikiti. Jina hakulifuta. Waturuki waliendelea kuliita Ayasofya, na bado wanaliita hivyo.

Je, wajua kwamba picha za mozaiki hazikufunikwa zote siku ile? Ziliendelea kufunikwa kidogo kidogo kwa karne kadhaa. Mwaka 1847 Sultan Abdülmecid aliwaajiri ndugu wawili kutoka Uswisi, Gaspare na Giuseppe Fossati, ili walikarabati jengo lililokuwa limechoka. Walipobandua lipu wakazikuta picha za Kristo, Bikira Maria na wafalme wa kale ziking'aa. Wakazichora kwenye karatasi, wakazisafisha, kisha wakazifunika tena. Lipu iliyokusudiwa kuzificha ndiyo iliyozikinga na moshi wa taa na mikono ya wapitao. Mwaka 1931 Mmarekani Thomas Whittemore alipopewa ruhusa ya kuzifunua, alijua pa kuanzia.

Wakati huo huo wa akina Fossati zilitundikwa zile mbao nane za duara zenye majina ya Mwenyezi Mungu, Mtume Muhammad, makhalifa wanne, na wajukuu wa Mtume, Hasan na Husein. Ni kazi ya mwandishi wa khati Kazasker Mustafa İzzet Efendi, na kila moja ina kipenyo cha mita 7.5 hivi. Serikali ya Uturuki ilipolifanya jengo kuwa makumbusho, kwa uamuzi wa baraza la mawaziri wa Novemba 1934, mbao zilishushwa ili zihamishiwe kwingine. Zikagoma kupita mlangoni! Zikaegemezwa ukutani miaka na miaka, mpaka mwaka 1949 zikarudishwa juu. Naona ndilo jambo pekee katika historia ya Ayasofya lililoamuliwa na upana wa mlango.

Tarehe 10 Julai 2020 mahakama kuu ya utawala ya Uturuki iliufuta uamuzi ule wa 1934, Rais Erdoğan akatia saini siku hiyo hiyo, na Ijumaa ya tarehe 24 ikasaliwa swala ya kwanza. Picha za mozaiki zilizo upande wa kibla sasa zina mapazia.

Je, wajua kwamba Istanbul ina msikiti wenye mnara wa kengele wa Kikatoliki? Unaitwa Arap Camii, yaani Msikiti wa Waarabu, na uko Galata. Lilikuwa kanisa la mapadri wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, lililojengwa karne ya 14 kwa mtindo wa Kiitalia. Likafanywa msikiti zama za Mehmed wa Pili. Kisha Sultan Bayezid wa Pili akawapa Waislamu wa Andalusia waliokuwa wakikimbia Hispania baada ya Granada kuanguka mwaka 1492. Fikiria mambo hayo: mtu amepoteza msikiti wake kule magharibi, ukageuzwa kanisa, anavuka bahari na watoto, anafika mji mgeni anapewa msikiti ambao jana ulikuwa kanisa. Mnara mrefu wa pembe nne uliokuwa wa kengele ukawa wa mwadhini.

Na kule alikotoka je? Tumfuate Córdoba.

Je, wajua kwamba kengele za kanisa moja zilitembezwa Hispania nzima mara mbili kwa mabega ya mateka? Mwaka 997 al-Mansur, waziri mwenye nguvu wa Córdoba, aliuvamia mji mtakatifu wa Santiago de Compostela. Kaburi la mtakatifu hakuligusa, ila kengele alizichukua, na mateka wa Kikristo wakazibeba hadi Córdoba, zikafanywa taa za msikitini. Mwaka 1236 Mfalme Ferdinand wa Tatu akauteka mji. Aliyoyafanya kwanza ni mawili: kuuweka wakfu msikiti uwe kanisa, na kuwaagiza mateka wa Kiislamu wazibebe kengele zile kuzirudisha Santiago. Ukifuata barabara, ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Malipizi ya aina hii hayana cha kupongezwa, lakini huwezi kusema mfalme yule alisahau hesabu.

Je, wajua kwamba mihrabu nzuri kuliko zote za Andalusia imepambwa kwa vijiwe vilivyotumwa na mfalme wa Kikristo? Msikiti wa Córdoba ulianzishwa na Abdurrahman wa Kwanza kwenye miaka ya 780, na mwana baada ya baba wakaupanua. Khalifa al-Hakam wa Pili, katika miaka ya 960, alitaka mihrabu ya fahari. Akamwandikia mfalme wa Bizanti kule Konstantinopoli, ndiyo Istanbul ya leo, naye akampelekea fundi pamoja na shehena ya vijiwe vya mozaiki vya rangi na dhahabu. Ni ufundi ule ule uliopamba kuta za Hagia Sophia. Kwa hiyo wakati Córdoba ilipokuwa msikiti ilivaa pambo la Konstantinopoli, na Konstantinopoli ilipokuwa na msikiti wake ikapokea wakimbizi wa nchi ya Córdoba.

Mihrabu hiyo ipo bado, imetunzwa, ndani ya kanisa kuu la Kikatoliki linaloendesha misa kila siku.

Je, wajua kwamba baraza la mji wa Córdoba liliwahi kutishia kifo kwa fundi yeyote atakayeubomoa msikiti? Hayo yalikuwa mwaka 1523, karibu miaka 300 tangu msikiti uwe kanisa. Kwa muda wote huo Wakristo walikuwa wakisali humo bila kuugeuza sana: altare hapa, kikanisa kidogo pale ukutani, na msitu wa nguzo ukiwa umesimama. Ndipo Askofu Alonso Manrique alipotaka kujenga kanisa refu la kisasa katikati yake. Wazee wa mji, Wakristo wote, wakakataa. Wakasema kitakachobomolewa hakitajengwa tena, na atakayethubutu kushika sululu atakufa. Kesi ikafika kwa Mfalme Charles wa Tano, naye akampa askofu haki. Husimuliwa kwamba baadaye, alipofika na kuona kilichofanyika, mfalme alijuta mbele ya watu. Siiamini sana hadithi hiyo. Inapendeza mno kuwa kweli. Lakini tishio la baraza limo kwenye kumbukumbu za mji.

Ujenzi uliendelea hadi mwaka 1607. Matokeo yake ni kitu cha ajabu: ukitembea katikati ya nguzo zaidi ya 850 zenye matao ya mistari myekundu na myeupe, ghafla paa linapaa juu na uko ndani ya kanisa la Kizungu lenye dari ya dhahabu. Wapo wanaoliita donda. Mimi nasema waangalie kwanza jirani yake.

Jirani ni Sevilla. Huko mji ulipotekwa mwaka 1248 msikiti mkuu ulifanywa kanisa vivyo hivyo, lakini mwaka 1401 wakuu wa kanisa wakaamua kuubomoa na kujenga upya. Kanisa waliloliinua lilikuwa kubwa kiasi cha kuivua Hagia Sophia taji iliyoivaa kwa karibu miaka elfu moja, taji ya kanisa kubwa kuliko yote. Msikiti ukabaki ua wa michungwa na mnara. Córdoba iliyochanganywa bado inaonekana. Sevilla iliyosafishwa haipo.

Mnara huo wa Sevilla, Giralda, una lake. Je, wajua kwamba hauna ngazi mpaka karibu na kileleni? Ndani kuna njia pana ya mteremko yenye mizunguko 35, iliyojengwa mwishoni mwa karne ya 12 ili mwadhini apande akiwa juu ya mnyama. Kwa aliyepaswa kupanda mara tano kwa siku, huo ni uungwana wa mjenzi. Chumba cha kengele kilichoongezwa juu yake kilibuniwa na Hernán Ruiz mdogo, ambaye baba yake, Hernán Ruiz, ndiye aliyeanza lile kanisa la katikati ya msikiti wa Córdoba. Ukoo mmoja, misikiti miwili. Ndugu za mnara huo wapo Morocco: Koutoubia mjini Marrakesh na Hassan mjini Rabat, na hao hawakubadilisha dini.

Haraka haraka sasa.

Je, wajua kwamba mjini Pécs, Hungaria, kuna kanisa Katoliki lenye msalaba na mwezi mwandamo pamoja juu ya kuba yake? Lilikuwa msikiti wa Qasim Pasha, karne ya 16. Na katika kanisa la parokia la katikati ya mji wa Pest, ambalo Waturuki walilitumia kama msikiti, mihrabu iko ukutani mpaka leo.

Je, wajua kwamba Mértola, mji mdogo wa kusini mwa Ureno, hali ni hiyo hiyo? Kanisa la parokia lina mihrabu nyuma ya altare.

Famagusta, Kupro: kanisa kuu la Mtakatifu Nikolasi, la mtindo wa Kifaransa, ambamo wafalme wa kigeni wa kisiwa hicho walivishwa taji la Yerusalemu. Mwaka 1571 likawa msikiti. Leo unaitwa Msikiti wa Lala Mustafa Pasha, na mbele yake ni kama kanisa la Reims lililochomekwa mnara mwembamba.

Thessaloniki: jengo la mviringo la Mfalme Galerius, tangu mwanzoni mwa karne ya 4. Likawa kanisa, likawa msikiti mwaka 1590, likawa kanisa tena mwaka 1912 Wagiriki walipouchukua mji. Mnara wa adhana bado umesimama kando yake.

Na Parthenon ya Athens, ambayo watoto shuleni huonyeshwa kama hekalu tu la Wagiriki wa kale? Ilikuwa kanisa la Bikira Maria kwa karne nyingi, kisha kanisa kuu la Kikatoliki baada ya 1204, kisha msikiti baada ya Waturuki kufika katika miaka ya 1450. Waothmani wakaweka humo baruti. Tarehe 26 Septemba 1687 kombora la jeshi la Venice likaangukia ndani, na jengo lililokuwa limesimama miaka zaidi ya 2,000 likapasuka. Baadaye ukajengwa msikiti mdogo katikati ya magofu. Nao ukaondolewa Ugiriki ilipopata uhuru. Athens haikuwa na msikiti rasmi tena mpaka Novemba 2020.

Turudi upande wa mashariki, maana huko ndiko desturi hii ilikoanzia.

Je, wajua kwamba mjini Dameski Waislamu na Wakristo waliwahi kusali katika uwanja mmoja kwa miaka kama 70? Mahali penyewe palikuwa hekalu la Jupiter enzi za Warumi, kisha kanisa la Yohana Mbatizaji. Waarabu walipouchukua mji katika miaka ya 630, kanisa liliachiwa wenyewe, na Waislamu wakatenga pa kusalia ndani ya kuta zile zile za nje. Waumini walikuwa wakigongana mlangoni, hawa wakienda misa, hawa wakienda swala. Idadi ya Waislamu ilipokua, Khalifa al-Walid bin Abdulmalik akalichukua kanisa, na kuanzia mwaka 706 akajenga msikiti ambao bado ni miongoni mwa mikubwa ya Uislamu. Wakristo wakathibitishiwa umiliki wa makanisa yao mengine mjini.

Yohana Mbatizaji ndiye Nabii Yahya, hivyo kaburi linaloaminika kuwa na kichwa chake lilibaki pale pale, na sasa liko katikati ya ukumbi wa swala. Mmoja wa minara mitatu unaitwa Mnara wa Isa. Na kwenye ukuta wa kusini, juu ya mlango wa zamani ulioziba, kuna maandishi ya Kigiriki yanayoutukuza ufalme wa Kristo usio na mwisho. Hakuna aliyeyafuta katika miaka zaidi ya 1,300. Tarehe 6 Mei 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili aliingia humo, akiwa papa wa kwanza kukanyaga msikitini.

Je, wajua kwamba kisa cha Sayyidna Umar kukataa kusali kanisani kiliandikwa na askofu? Ni Eutychius, patriarki wa Alexandria wa karne ya 10. Anasimulia kwamba Umar bin Khattab alipopokea mji wa Yerusalemu, wakati wa swala ulimkuta ndani ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Patriarki wa mji akamkaribisha asali hapo hapo. Umar akatoka, akasali nje, akaeleza kwamba angesali ndani, Waislamu wa baadaye wangelidai kanisa kwa hoja kuwa Umar alisali humo. Pale jirani sasa pana Msikiti wa Umar, uliojengwa mwaka 1193. Ufunguo wa kanisa lenyewe uko mikononi mwa familia za Kiislamu, Joudeh na Nuseibeh: moja huutunza, nyingine hufungua mlango. Madhehebu ya Kikristo yanayogombania kila kigae humo ndani yameona afadhali jirani awashikie.

Kisa hicho kisitufanye tusahau mwaka 1009, Khalifa al-Hakim wa Misri alipoamuru kanisa hilo hilo libomolewe. Wala mwaka 1099, askari wa Vita vya Msalaba walipoingia, wakaua wenyeji, wakaifanya Kuba ya Mwamba kanisa na Msikiti wa al-Aqsa ikulu. Sultan Salahuddin alipoutwaa mji Oktoba 1187, msalaba wa juu ya kuba ulishushwa na mwamba ukaoshwa kwa maji ya waridi.

Hapa kuna uzi unaofika mpaka kwetu. Karibu na lango la mashariki la Yerusalemu liko kanisa la Mtakatifu Anna, lililojengwa na hao watu wa Vita vya Msalaba karne ya 12. Salahuddin hakulibomoa; mwaka 1192 alilifanya madrasa, na jiwe la Kiarabu linalosema hivyo bado liko juu ya mlango. Mwaka 1856 Sultan Abdülmecid, yule yule aliyewaajiri akina Fossati, akampa Napoleon wa Tatu wa Ufaransa baada ya kusaidiana katika vita vya Crimea. Nayo Ufaransa, mwaka 1878, ikawakabidhi nani? Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie.

Mwaka huo huo wa 1878 Lavigerie aliutuma msafara wake wa kwanza kwenda Maziwa Makuu, kupitia Zanzibar na bara. Padri Siméon Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, akafika Buganda Februari 1879 katika enzi ya Kabaka Mutesa. Wengine wakaenda Tanganyika. Parokia nyingi kuanzia Tabora hadi Bukavu zina chimbuko hilo.

Na je, wajua kwamba kanisa kuu la Lavigerie mwenyewe lilikuwa mahali pa msikiti? Alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers kuanzia mwaka 1867. Kanisa lake, la Mtakatifu Filipo, lilikuwa Msikiti wa Ketchaoua, ambao Wafaransa waliutwaa kwa nguvu mwaka 1832, miaka miwili tu tangu waivamie nchi, na baadaye wakaujenga upya kwa sehemu kubwa. Mavazi aliyowachagulia mapadri wake, kanzu nyeupe, joho na kofia nyekundu, yalikuwa ya Waislamu wa Algeria, nao wakavaa rozari shingoni. Algeria ilipopata uhuru mwaka 1962, Ketchaoua ikarudi kuwa msikiti mwaka ule ule, na adhana ikasikika tena baada ya miaka 130.

Zanzibar nayo haikukosa. Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe ilijengwa na Waomani mahali palipokuwa na kanisa dogo la Wareno, na mabaki ya kuta za Wareno yaliunganishwa humo. Kilichofuata kanisa hapo, basi, kilikuwa boma la askari. Siku hizi ni ngoma za usiku na maonyesho ya filamu.

Barani Afrika, mwenyewe naupenda zaidi ukumbi wa Dongola ya Kale, Sudan. Je, wajua kwamba tarehe 29 Mei, miaka 136 kamili kabla ya Konstantinopoli kuanguka, jengo la fahari la wafalme Wakristo wa Nubia liligeuzwa msikiti? Jiwe la Kiarabu lililowekwa humo lina tarehe hiyo ya mwaka 1317, enzi ya mfalme Mwislamu Sayf al-Din Abdullah Barshambu. Watu wa kijiji waliendelea kusali kwenye ghorofa yake ya juu mpaka mwaka 1969. Ayasofya ilikaa msikiti miaka 481 kabla ya uamuzi wa makumbusho. Dongola ilikaa 652, na hakuna anayeitungia vitabu.

Misri kuna Luxor. Ndani ya hekalu la mafarao, katika ua wa Ramses wa Pili, uko Msikiti wa Abu al-Haggag. Hekalu lilifukiwa na mchanga, kanisa likajengwa kati ya nguzo zake, kisha karne ya 13 msikiti. Wachimbaji wa karne ya 19 walipoondoa mchanga, mlango wa zamani wa msikiti ukabaki ukining'inia juu hewani. Ijumaa pangali panasaliwa. Na Sinai, ndani ya kuta za Monasteri ya Mtakatifu Katerina, pana msikiti mdogo wa enzi za Wafatimi, na watawa hawajauondoa tangu karne ya 12.

Mpaka hapa tumezungumzia upanga. Siku hizi majengo yanabadilishwa zaidi kwa hati ya mauziano. Je, wajua jengo la Brick Lane, London? Lilijengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia Ufaransa. Baadaye likashikwa na Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia Urusi. Mwaka 1976 likawa msikiti wa Wabangladeshi. Wageni wa kila zama wamelinunua au kulikodi kutoka kwa wageni waliowatangulia, hakuna damu iliyomwagika, na saa ya jua ya 1743 bado iko ukutani.

Hamburg, kanisa la Kilutheri la Kapernaum lilifungwa mwaka 2002 kwa kukosa waumini. Jumuiya ya Al-Nour, iliyokuwa ikisali kwenye gereji ya magari chini ya ardhi, ikalinunua mwishoni mwa 2012 na kulifungua kama msikiti mwaka 2018. Na Syracuse, jimbo la New York, kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu liliuzwa. Tangu mwaka 2014 ni msikiti. Waumini wapya wakatafuta jina ambalo majirani wa zamani wasingelichukia, wakauita Masjid Isa Ibn Maryam.

Neno la mwisho ni kwa msafiri. Istanbul, ukumbi wa chini wa Ayasofya ni wa wanaosali, bila malipo; tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hupanda roshani ya juu kwa euro 25. Córdoba, dayosisi ililiandikisha jengo kwa jina lake mwaka 2006 kwa ada ya euro 30, na mgeni hukata tiketi mlangoni. Mwaka 2010 kundi la vijana Waislamu kutoka Austria lilipojaribu kusali humo, likaishia kukabana na walinzi. Kwa hiyo tazama mihrabu utakavyo, piga picha, ila swala yako kaisalie hotelini.